Mchana najinyima, usiku nakomba sufuria

Safu ya maswali ya wasomaji

Barua za safari hii zinafanana mpaka nikawa nahisi ni mtu mmoja anaandika kwa majina tofauti. Karibu wote mchana mko vizuri tu, giza likiingia mdomo haufungwi. Nimechagua hizi hapa, majina nimeyatoa kama mlivyoomba, na kuna moja nimeifupisha sana maana ilikuwa inaelezea bakuli la karanga kuanzia mwanzo mpaka mwisho.

SWALI: Shikamoo anti. Mimi ni mama wa watoto wawili, kazi yangu ni ya ofisini. Asubuhi nakunywa chai kavu natoka, mchana nakula tunda au siku nyingine sili kabisa kwasababu nataka kupungua, na kwa kweli mchana najiweza, wenzangu wanakula mbele yangu na sitetereki. Usiku tunakula wote nyumbani, napakua sahani moja naridhika. Balaa linaanza watoto wakishalala. Najikuta jikoni, mlango wa friji uko wazi, nakula kiporo nimesimama, nakomba sufuria na mwiko, nikitoka hapo naingia kwenye mkate, mkate ukiisha nafungua biskuti za watoto ambazo hata sizipendi. Nalala tumbo limejaa nashindwa kugeuka. Asubuhi sisikii njaa kabisa, naapa leo sirudii, jioni yale yale. Mume wangu anasema sina nidhamu. Naomba unifundishe kujizuia.

JIBU: Marhaba mwanangu. We unaomba nikufundishe kujizuia wakati kwa jinsi nilivyosoma barua yako, kujizuia ndo kitu unachokijua kuliko wote humu. Hebu tupige hesabu pamoja. Kuanzia asubuhi mpaka unatoka kazini umekula nini? Chai kavu na tunda. Mwanamke mzima anayefanya kazi na kulea anahitaji kama kalori 2,000 hivi kwa siku, wengine pungufu wengine zaidi kutegemea mwili na kazi, na we jua linazama hujafikisha hata robo. Afu sahani moja ya usiku unataka ilipe deni la siku nzima, hailipi. Mwili unakuja kudai kilichobaki, na unakuja kudai muda ambao nyumba imetulia, hakuna anayekuona, na umechoka huna hata nguvu ya kubishana nao.

Usidhani nakutetea tu kwasababu we ni mwanamke mwenzangu. Mwaka 1944 mpaka 1945 kulikuwa na jaribio Chuo Kikuu cha Minnesota kule Marekani, lililoongozwa na Ancel Keys. Walichukua wanaume 36 wenye afya zao, waliojitolea wenyewe, wakawapunguzia chakula kwa karibu miezi 6 mpaka kama nusu ya walichokuwa wanakula mwanzo, yaani kalori 1,600 hivi kwa siku. Sasa wale wanaume wakawa siku nzima wanaongea chakula, wanaota chakula, wengine wakaanza kukusanya vitabu vya mapishi na walikuwa hata si watu wa kupika. Na waliporudishiwa chakula baadhi yao walikuwa wanakula kupita kiasi na bado wanasema hawajashiba. Hao walichaguliwa kwa uimara wao, si kwamba walikuwa walafi. Ukinyimwa chakula kichwa kinageuka jiko, ndivyo tulivyo.

Afu kuna kitu kingine ambacho hakuna aliyekwambia. Mwili una saa yake. Frank Scheer na wenzake mwaka 2013 walichapisha utafiti, waliwaweka watu 12 maabara kwa siku 13, mwanga hafifu, hakuna saa ukutani, milo na usingizi vimepangwa vinahamahama ili ionekane mwili wenyewe unataka nini. Wakakuta njaa iko chini kabisa kwenye saa mbili asubuhi na iko juu kabisa kwenye saa mbili usiku, hata ukiondoa habari ya mtu kala saa ngapi au kalala saa ngapi. Kwa hiyo hiyo hali yako ya asubuhi kutosikia njaa na usiku kuisikia, kwa sehemu ni ya binadamu wote. Tofauti ni kwamba we unaichukua ile asubuhi isiyo na njaa unaifanya nafasi ya kujiadhibu kwa ya jana, unajinyima, na usiku saa ya mwili inapogonga inakukuta tayari una njaa ya siku nzima. Hapo nidhamu ya nani itasimama?

Sasa la kufanya. Usianzie usiku. Ukianzia usiku, ukafunga jikoni kwa kufuli ukampa mumeo ufunguo, utakesha unawaza ufunguo. Anzia asubuhi. Najua huna hamu, sikuambii ujaze sahani, lakini weka kitu, yai na kipande cha mkate, au maziwa na ndizi, kidogo tu hata kama unakitazama kwa dharau. Mchana kula chakula, na nikisema chakula namaanisha chakula, chenye kitu cha kushibisha kama maharage au samaki au nyama, mboga, na wanga wake, ukae chini usiwe na simu mkononi. Na kwenye saa kumi jioni kabla hujatoka kazini kula kitu tena, mtindi au karanga kidogo au tunda na yai. Hiki cha saa kumi ndo watu wengi wanakidharau na mi naona ndo kinachookoa watu kuliko vyote, maana ukiingia nyumbani una njaa ya kutetemeka, hata sahani yako ya usiku utaila haraka, hutaisikia.

Christopher Fairburn, daktari wa Uingereza ambaye ametibu na kuandika sana juu ya watu wanaokula mpaka kupitiliza, kitu cha mwanzo mwanzo anachowawekea wagonjwa ni ratiba: milo mitatu na vitafunwa viwili vitatu katikati, na yasipite masaa manne mtu hajala. Wala haanzi na habari ya acha hiki kula kile. Anaanza na saa. Na mi nakuomba uanze hapo hapo, hata hiyo habari ya kupungua iweke kabatini kwanza. Saivi unachookoa mchana unakirudisha usiku na riba juu, kwa hiyo hakuna unachopoteza ukikisogeza mchana.

Nikuonye kitu kimoja. Siku za mwanzo utakula mchana na usiku pia utakwenda jikoni, utapaniki, utasema anti kaniongezea kilo. Tulia. Kuna homoni inaitwa ghrelini, Wajapani waliigundua mwaka 1999, inatoka zaidi tumboni na ndo inayoamsha njaa, na inapanda kwenye zile saa ulizouzoesha mwili kula. We umeuzoesha saa nne usiku mbele ya friji. Haiwezi kusahau kwa siku mbili, ipe wiki kadhaa.

Na kile kiporo, usikiache kwenye sufuria juu ya jiko. Mkimaliza tu kula, kabla hujakaa, kipakue kwenye chombo chenye mfuniko na ukihesabu kuwa ni chakula chako cha mchana kesho ofisini. Ukikikuta usiku unakuta ni kitu chenye kazi yake. Na ukiona bado unataka kula, kula, nani kakukataza? Ila pakua kwenye sahani, washa taa, vuta kiti, kaa. Watu wengi wakishafika kwenye kiti wanakuta hawakuwa wanataka mkate mzima. Kula umesimama unadokoa ndo kubaya, maana hakuna mwanzo wala mwisho, unadokoa hapa unadokoa pale, na kichwa hakiandiki kwamba umekula.

Mumeo mwambie nidhamu unayo nyingi mno, kilichopungua ni chakula cha mchana.

SWALI: Anti mambo. Mi ni kijana naishi peke yangu, mchana nakula vizuri sijinyimi chochote. Nikirudi napika, nakula, nashiba kabisa. Ila nikishajitupa kwenye kochi na tivii au simu, mkono wenyewe unaenda kwenye pakiti. Krispi, biskuti, soda, karanga, nikija kushtuka zimeisha na sikumbuki hata ladha yake. Sina njaa, nakuapia. Hii ni nini?

JIBU: Poa kaka. Nakuamini kwamba huna njaa. Ya kwako ni hamu, na hamu unaipima kirahisi, pale mkono unapoanza safari jiulize, kama kungekuwa na wali mtupu tu wa jana na maharage, ningeamka kwenda kuyapasha? Kama jibu ni ndio basi una njaa, nenda kapashe ule. Kama jibu ni hapana ila krispi ndio, basi tumbo halihusiki hapo.

Kwanza tumalize la pakiti. Vitu ulivyovitaja vimetengenezwa viwe hivo. Mwaka 2019 Kevin Hall na wenzake wa taasisi za taifa za afya za Marekani waliwaweka watu 20 ndani, wiki mbili wanapewa vyakula vya viwandani vilivyosindikwa sana, wiki mbili vyakula vya kawaida vilivyopikwa, na mezani sukari, mafuta, chumvi na nyuzinyuzi viliwekwa vikiwa karibu sawa, kila mtu ale anavyotaka aache anavyotaka. Kwenye zile wiki za viwandani walikula kama kalori 500 zaidi kila siku, na walikuwa wanakula kwa haraka zaidi. Watu wale wale, ugomvi hawana na chakula. Kwa hiyo usikae unapigana na pakiti iliyo mapajani kwako. Isiwe mapajani. Mimina kiasi kwenye kibakuli, pakiti irudi kabatini juu kabisa, na bora zaidi dukani pita bila kuinunua siku ambazo hujaipangia, maana kushinda hamu dukani kunachukua dakika moja, nyumbani unashindana nayo usiku kucha.

Lakini la pakiti ni dogo, nataka tuongee la kochi. Soma tena ulichoniandikia. Unarudi, unapika, unakula, unajitupa. Hakuna mtu, hakuna mazungumzo, siku nzima umekuwa mali ya watu wengine, bosi, wateja, foleni, na hapo kwenye kochi ndo mara ya kwanza mtu anakuuliza we mwenyewe unataka nini, na jibu lililo karibu ni pakiti. Wengi wenu mlioniandikia chakula cha usiku ndo starehe pekee ya siku, na mtu akija akawaambia acheni, anawanyang'anya starehe bila kuwapa nyingine. Haitafanya kazi hiyo. Tafuta kitu kingine kizuri cha kuingiza kwenye yale masaa mawili, na kiwe kizuri kweli, si kazi nyingine. Mpigie rafiki, oga maji ya moto taratibu, piga gitaa vibaya, tengeneza kitu cha mikono maana mikono yenye kazi haidokoi. Kama ni tivii basi angalia tivii, ila kula uwe umemalizia mezani.

Na hamu ikija ikakukuta huna la kufanya, usiipige vita. Kuna mwanasaikolojia wa Marekani alikuwa anaitwa Alan Marlatt, alifanya kazi na watu wanaoacha pombe na sigara, akawa anawafundisha kuitazama hamu badala ya kubishana nayo. Iko wapi mwilini, mdomoni, kifuani? Inazidi au inapungua? Kwasababu hamu inapanda, inafika kileleni, inashuka yenyewe hata usipoitii, ila watu wengi hawajui kwamba inashuka kwa vile hawajawahi kuisubiri. Jiwekee dakika ishirini. Zikiisha na bado unataka, kula kibakuli chako kwa amani.

Mwisho nikuulize, unalala saa ngapi? Maana kuna watu wanaoita njaa kitu ambacho ni usingizi. Mwaka 2004 watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago waliwachukua vijana wa kiume 12, usiku mbili mfululizo wakawalaza masaa manne tu. Leptini, ile homoni inayouambia ubongo kwamba akiba ipo, ilishuka kwa asilimia 18, ghrelini ikapanda asilimia 28, na wenyewe wakasema njaa imeongezeka kwa asilimia 24 na hasa walikuwa wanatamani vitamu na vya wanga. Kama ikifika saa nne macho yanakuwasha na bado unaperuzi simu huku unatafuna, dawa yako iko kitandani.

SWALI: Habari anti. Nasikia ukila baada ya saa kumi na mbili jioni chakula chote kinageuka mafuta. Ni kweli?

JIBU: Hapana. Tumbo halina mlinzi anayefunga geti saa kumi na mbili. Ukila kiasi chako saa mbili usiku kwasababu ndo muda unaofika nyumbani, kula. Muda una mchango wake lakini si huo wa kutishana. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022, watu 16 wenye uzito mkubwa, walipewa chakula kile kile ila mara moja kikasogezwa mbele kama masaa manne, na walipokula kwa kuchelewa wakasikia njaa zaidi na mwili ukachoma nishati kidogo pungufu. Kwa hiyo ukiweza kula mapema ni vizuri, hasa kama una kiungulia, acha masaa mawili matatu kabla ya kulala chali. Basi, hayo mengine ni ya mtaani.

SWALI: Anti shikamoo, naomba unisaidie. Mi nakula vizuri siku nzima kwa mpango, lakini nikionja tu kitu ambacho hakipo kwenye mpango, mfano kipande cha keki ofisini, basi najiambia siku imeshaharibika, na jioni ndo nafakamia kila kitu ili kesho nianze upya. Kesho naanza upya kweli. Ila kila wiki kuna keki ya mtu.

JIBU: Marhaba. Kila wiki itakuwepo keki ya mtu mpaka unastaafu, kwa hiyo tuongee na hiyo sentensi yako ya "siku imeshaharibika". Mwaka 1975 watafiti wawili, Herman na Mack, waliwaita wanafunzi wa kike wa chuo, baadhi wakapewa milkshake kwanza, wengine wakapewa mbili, wengine hawakupewa, afu wote wakawekewa aiskrimu wale watakavyo. Wasio na mambo ya dayati walifanya unavyotegemea, waliokunywa milkshake walikula aiskrimu kidogo. Ila wale wanaojibana kila siku walifanya kinyume, walioanza na milkshake ndo walikula aiskrimu nyingi kuliko wale walioanza bila kitu. Kisa hakikuwa njaa, tumbo lilikuwa limejaa. Kisa ni kwamba sheria imeshavunjika, potelea mbali.

Kipande cha keki kina kalori mia tatu, mia nne, hapo katikati. Hakiwezi kuharibu siku. Kinachokuja jioni kwa jina la kuanza upya ndo kinaweza kuwa mara tano yake. Na hii kesho ya kuanza upya ndo sumu yenyewe, kwasababu kichwa kikishajua kesho kuna kufungiwa, leo kinakula kama kinaaga. Kwa hiyo usiwe na kesho. Ukila keki saa saba, mlo wako unaofuata uwe vile vile ulivyokuwa uwe, saa ile ile, kiasi kile kile, usipunguze kufidia na usiongeze kwa hasira. Na ukiweza, keki iingize kwenye mpango kabisa. Mpango usio na nafasi ya keki ya mtu mi siuamini, ameuandika mtu asiye na wafanyakazi wenzake.

SWALI: Anti, naandika hii nikijua hutatoa jina langu. Nina miaka 41. Usiku wa manane naamka mara mbili mpaka tatu na siwezi kurudi kulala mpaka nile. Zaidi ya hapo, wiki haipiti bila kujifungia nikala haraka haraka kwa siri mpaka naumwa, nashindwa kusimama hata nikitaka, baadaye najichukia. Ni zaidi ya mwaka sasa. Nyumbani hawajui, maganda nayatoa nje mwenyewe. Mi nahisi ni pepo la ulafi.

JIBU: Pole sana ndugu yangu, na asante kwa kuandika. Nitakuwa mfupi kwako na mkweli, hiki unachokielezea hakimalizwi na ratiba ya anti wa gazetini. Ni hali zinazojulikana, zina majina na zina matibabu. Hiyo ya kuamka usiku kula, daktari wa Marekani Albert Stunkard aliieleza tangu mwaka 1955, wataalamu wanaiangalia kwa mtu ambaye robo au zaidi ya chakula chake cha siku inaingia baada ya mlo wa usiku, au anaamka kula mara mbili au zaidi kwa wiki, na asubuhi anaikumbuka. Na hiyo ya kujifungia, kula haraka, kushindwa kusimama, afu aibu, ikitokea angalau mara moja kwa wiki kwa miezi 3, tangu mwaka 2013 imo kwenye mwongozo wa magonjwa ya akili wa Marekani kama ugonjwa kamili unaojitegemea. Sijasema unao, mi si daktari wako, nasema vigezo ulivyonipa vinatosha kukupeleka kwa daktari wiki hii.

Ukifika usiseme "nina shida ya uzito", maana utapewa karatasi ya dayati, na dayati kali kwa mtu wa hali yako inachochea moto. Sema hivi hivi ulivyoniandikia: naamka usiku kula mara kadhaa, nakula kwa siri nashindwa kusimama, wiki mara ngapi, tangu lini. Kama unajitapisha au unatumia dawa za kuharisha ili kufidia, hilo liseme la kwanza kabisa, lina hatari yake kwa moyo na madini ya mwili. Tiba inayotangulia ni ya mazungumzo, ile inayofanya kazi na mawazo na tabia kwa pamoja, na watu wengi inawasaidia. Ukikuta daktari wa kwanza anacheka, badilisha daktari.

Mwambie pia dawa unazotumia zote. Vidonge vya jamii ya prednisolone, vile vya kutuliza uvimbe na mzio, vinaongeza hamu ya kula, olanzapine ya magonjwa ya akili na mirtazapine ya sonona vile vile, na kuna dawa za usingizi kama zolpidem ambazo mtu anaweza kuamka akala na asubuhi asikumbuke kitu. Usiziache mwenyewe, uliza kwanza. Na hili nalisema kwa wote mnaosoma, kama unatumia insulini au vidonge vya kushusha sukari na usiku unaamka una njaa kali, jasho, mikono inatetemeka, hiyo si tabia na usijizuie hata kidogo, pima sukari, kula kitu chenye sukari hapo hapo, na umwambie daktari wako mapema.

Habari ya pepo tuiache. Ila chagua mtu mmoja nyumbani umwambie, hata kwa meseji.

SWALI: Mi ni nesi wa zamu za usiku, jioni yangu ni asubuhi yenu. Haya mnayoshauriana yananihusu vipi?

JIBU: Yanakuhusu yote, ila geuza saa. Mlo wako mkubwa kula kabla ya kuingia zamu, ukiwa umekaa. Katikati ya zamu kula kidogo chenye protini, usikigeuze kuwa soda na biskuti maana zile saa za usiku wa manane mwili hauishughulikii sukari vizuri kama mchana. Ukitoka asubuhi kula chepesi ulale, usilale na njaa eti unafidia. Na ile saa yako ya hatari, nadhani, ni pale unapofika nyumbani umechoka wote wametoka na jikoni ni kwako peke yako. Kifungua kinywa chako kiache tayari kwenye sahani kabla hujatoka kwenda kazini, ukirudi hakuna kufikiri.

SWALI: Swali fupi anti. Kupiga mswaki mapema ili nisile tena kunasaidia?

JIBU: Wapo kunaowasaidia, mdomo unakuwa msafi na mtu anaona uvivu kuuchafua, jaribu haina gharama. Ila kama ni saa nne usiku na tumbo linanguruma kweli, mswaki utafanya nini hapo? Kula, afu upige tena.